Ukuta wa Bustani Unaoyumba: Uuegemeze, Uujenge Upya au Uushushe?

Nyumba umeinunua, funguo unazo, na sasa ndipo unauona vizuri ukuta wa bustani. Siku ya kuja kukagua, macho yalikuwa kwenye dari na mabomba. Leo jua la asubuhi linaupiga kwa ubavu na kila kitu kiko wazi: umelala upande mmoja, au umetoa tumbo katikati, au kuna ufa unaopanda kwa ngazi kutoka tofali hadi tofali. Umeita mafundi watatu na kila mmoja amekuja na dawa yake. Wa kwanza anataka kusimamisha nguzo za kuuegemeza. Wa pili anasema bomoa wote. Wa tatu anasema piga lipu, paka rangi, mambo yaishe.

Wa tatu mshukuru na umsindikize hadi getini. Wawili wa kwanza wote wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kuta mbili zinaweza kuinama kwa kiasi kilekile na kila moja ikahitaji tiba tofauti kabisa. Kinachoamua ni kitu kilichouyumbisha ukuta, na hicho mara nyingi kiko chini ya ardhi au nyuma ya ukuta, mahali ambapo fundi aliyesimama dakika tano na simu mkononi hajaangalia.

Kabla ya yote, ondoa watu na mali karibu nao. Mita moja tu ya ukuta wa matofali mazito wenye kimo cha mita 2 na unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 600 hivi. Gari, bembea ya watoto, meza ya bustani, vyote vikae umbali unaozidi kimo cha ukuta. Kama upande wa pili ni njia ya watu au uwanja wa jirani, mwambie jirani leo, usingoje mpaka upate jibu la fundi.

Upime kwanza

Chukua ubao mfupi, upige msumari mwishoni, uulaze juu ya ukuta ili msumari utokeze nje kidogo upande ule ukuta unakoelekea. Ning'iniza timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni), subiri itulie, kisha pima nafasi kati ya uzi na ukuta sehemu tatu: juu, katikati na chini. (Kama ukuta unatikisika ukiguswa, acha, huo hauhitaji kupimwa, unahitaji kushushwa.)

Nafasi ikikua sawasawa kutoka juu hadi chini, ukuta umeinama mzima kama mlango, na tatizo liko kwenye msingi: ni wa juujuu mno, udongo umetitia upande mmoja, au mizizi imeuinua. Nafasi ikiwa finyu katikati kuliko juu na chini, hilo ni tumbo. Ama matofali yameachana ndani kwa ndani, ama kuna kitu kinausukuma kwa nyuma. Chini na katikati pakiwa sawa na kozi (mistari ya matofali) chache za juu tu ndizo zimekwenda, mara nyingi maji ya mvua yamekuwa yakiingia kwa juu kwa miaka kwa sababu ukuta hauna kofia (kifuniko cha juu cha kumwaga maji), na saruji inayoshika matofali imelainika.

Tofauti kati ya nafasi ya chini na ya juu ndiyo kiasi ambacho ukuta umeinama. Kipimo cha kazi kinachotumika sana ni theluthi ya unene: ukuta wa sentimita 15 uliolala zaidi ya sentimita 5 uhesabu kuwa hatari, hata kama majirani wanasema umekuwa hivyo tangu zamani.

Sasa jua kama bado unakwenda. Angalia ufa kwa karibu. Ufa wa zamani kingo zake zimechakaa, umejaa vumbi na utando wa buibui. Ufa mpya kingo zake ni kali na rangi ya ndani bado ni safi. Ukitaka uhakika, bandika donge la jasi juu ya ufa na uandike tarehe kwa penseli. Jasi hainyumbuki, kwa hiyo ukuta ukisogea hata kidogo donge litapasuka. Liache likae majira ya mvua na ya kiangazi, kama ukuta uko ndani ya kipimo cha usalama. Udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na ukuta ulioganda wakati wa mvua unaweza kuanza safari wakati wa jua.

Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ukuta ulioinama, kuziba ufa kabla ya kujua chanzo ni kufuta ushahidi tu. Wauzaji wengine wanalijua hilo vizuri: ukikuta kipande kimoja cha ukuta kina lipu mpya na rangi isiyolingana na sehemu nyingine, anzia hapo.

Mwisho, angalia kama ardhi ya pande mbili za ukuta iko sawa. Upande mmoja ukiwa juu zaidi, ukuta huo unazuia udongo, na hesabu zake ni nyingine, nitazifikia mbele.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia hapa chini nimeiuliza maswali yaleyale: inatibu chanzo gani, kazi yenyewe ikoje na ina hatari gani, inagharimu kiasi gani ikilinganishwa na nyingine na inachukua muda gani, ina kasoro gani, na inamfaa nani. Swali la umiliki liko juu ya njia zote. Angalia hati na ramani ya kiwanja ujue ukuta ni wako, wa jirani au wa wote wawili, na uulize mamlaka ya ujenzi ya eneo lako kama kazi unayotaka inahitaji kibali. Ukuta uliokuwa na kimo fulani tangu zamani si hakika kwamba utaruhusiwa kurudishwa kimo kilekile ukishaubomoa.

1. Kuuegemeza kwa nguzo

*Inatibu:* ukuta mrefu, mwembamba, uliojengwa bila nguzo, ambao matofali yake bado ni mazima na mwinamo ni mdogo. Upepo ndio adui mkubwa wa ukuta wa namna hii.

*Kazi:* unachimba msingi wa kila nguzo hadi kufikia kina cha msingi wa ukuta au kupita, unamwaga zege, kisha unajenga nguzo huku ukiifunga na ukuta kila baada ya kozi chache. Kufunga ndiko kwenye kazi yote. Nguzo iliyobandikwa tu kwa saruji juu ya lipu itaachana na ukuta upepo mkali wa kwanza utakapovuma. Yatolewe matofali kadhaa ili nguzo iume ndani ya ukuta, au vipande vya nondo vichimbiwe na kujazwa saruji. Umbali kati ya nguzo hadi nguzo mara nyingi ni mita 2.5 hadi 3.

*Gharama na muda:* nafuu, na ni kazi ya siku chache pamoja na muda wa zege kukaza. Taka ni kidogo.

*Kasoro:* kwanza, ukuta haunyooki, unabaki umeinama, ila hauendelei. Pili, nguzo ya kuegemeza hukaa upande ule ukuta unakolalia. Kama umelalia kwa jirani, nguzo inatakiwa isimame kwenye ardhi ya jirani, na hapo mpango mwingi hufia. Fundi anaweza kukuambia aweke nguzo upande wako ziuvute. Inawezekana, lakini hizo ni nguzo za zege na nondo zenye msingi mzito na vifungo vya uhakika, na ukipiga hesabu utaona bei imeshapaa. Tatu, nguzo mpya iliyosimama juu ya udongo uliochimbuliwa na kurudishwa bila kushindiliwa itatitia, na ikititia itauvuta ukuta pamoja nayo.

*Inamfaa:* mwenye ukuta mzima kimwili, mwinamo ulio chini ya theluthi, nafasi ya kutosha upande unaohusika, na mfuko usioruhusu zaidi kwa sasa.

2. Kubomoa kipande na kukijenga upya

*Inatibu:* tumbo, kozi za juu zilizoachia, kipande kilichogongwa na gari au kuinuliwa na mzizi mmoja.

*Kazi:* unabomoa hadi unapokuta matofali yaliyo imara pande zote mbili, unachimba uone msingi, unautengeneza, ndipo unajenga. Matofali mengi ya zamani yanafaa kutumika tena ukiyabandua saruji ya zamani kwa patasi. Angalia ukali wa mchanganyiko: matofali laini ya zamani yakijengwa kwa saruji kali sana, ukuta unapocheza yanayopasuka ni matofali badala ya viungo. Kuongeza chokaa kwenye mchanganyiko husaidia.

*Gharama na muda:* ya kati, kutegemea urefu wa kipande.

*Kasoro:* kiungo. Mafundi wengi hupenda kufungamanisha matofali mapya na ya zamani ili paonekane kitu kimoja. Kama kipande kipya kina msingi mpya wa kina na kile cha zamani kina msingi wa juujuu, vitatembea kwa mwendo tofauti na pale vilipofungamanishwa patapasuka. Afadhali kuacha nafasi ya kutanukia ya sentimita 1 hivi, ikajazwa kitu laini, kuliko kulazimisha ndoa. Na ukijenga juu ya msingi uleule mbovu bila kuugusa, umenunua tumbo jipya.

*Inamfaa:* mtu ambaye timazi imemwonyesha kwamba sehemu kubwa ya ukuta iko sawa.

3. Kuuongezea msingi kwa chini

*Inatibu:* msingi wa juujuu au uliotitia, chini ya ukuta ambao wenyewe ni mzuri.

*Kazi:* unachimba chini ya msingi wa zamani kwa vipande vifupi vya mita 1 hivi, kamwe si viwili vinavyopakana. Kila kipande kinamwagwa zege, kinaachwa kikaze, nafasi iliyobaki juu yake inashindiliwa mchanganyiko mkavu, ndipo unahamia kingine. Zege hupata sehemu kubwa ya nguvu yake katika siku 7 za kwanza na hupimwa rasmi kwa siku 28, kwa hiyo anayekuahidi kumaliza ukuta mrefu wiki hii anakusudia kuruka hatua. Hii si kazi ya kujifanyia mwenyewe. Mtu anachimba chini ya uzito unaoning'inia juu yake; mhandisi aipange na mafundi waliowahi kuifanya waifanye.

*Gharama na muda:* ghali kuliko zote kwa kila mita, na polepole.

*Kasoro:* kwa ukuta wa kawaida wa bustani mara nyingi hailipi. Kwa maoni yangu inapendekezwa kupita kiasi, pengine kwa sababu inasikika ya kitaalamu. Na haiunyooshi ukuta.

*Inamfaa:* mwenye ukuta wa mawe wa zamani ulio na thamani, ukuta unaolindwa kisheria, au ulioungana na nyumba kiasi kwamba kuubomoa kutaharibu kingine.

4. Kubomoa wote na kujenga upya

*Inatibu:* karibu kila kitu, ilimradi chanzo kishughulikiwe kabla ya tofali la kwanza. Kama ni mti ulioangusha ukuta wa kwanza, bado upo. Aidha msingi uende chini zaidi, aidha ukuta uhame, aidha uachwe upenyo mzizi mkubwa upite chini ya kipande cha zege chenye nondo.

*Kazi:* kushusha ukuta kwa mpangilio, kuondoa kifusi, kuchimba, zege, kujenga. Hapa ndipo una nafasi ya kurekebisha alichokosea wa kwanza. Unene ndio silaha: ukuta wenye unene mara mbili una uzito mara mbili na egemeo pana mara mbili, hivyo uwezo wake wa kutopinduliwa na upepo ni mara nne. Ukuta wa matofali ya saruji upewe nafasi ya kutanukia kila baada ya mita 6 hivi, nguzo ziwemo tangu mwanzo, na juu uvishwe kofia inayotokeza pande zote mbili na yenye mfereji mdogo chini yake ili maji yadondoke mbali na uso wa ukuta.

*Gharama na muda:* kubwa, na kifusi peke yake ni bajeti. Watu huhesabu matofali na saruji wakasahau kwamba ukuta wa mita 20 kama ule wa mfano wetu ni tani 12 za kuondoa.

*Kasoro:* kibali, maelewano na jirani, na wiki kadhaa bustani ikiwa wazi. Kama una mbwa au watoto wadogo, panga uzio wa muda kabla hujabomoa.

*Inamfaa:* anayetarajia kukaa, ambaye msingi wake umeshindwa kwa urefu wote au mwinamo wake umepita theluthi sehemu nyingi.

5. Kuushusha kimo, au kuweka uzio mwepesi

*Inatibu:* ukuta mrefu kuliko msingi wake. Njia hii hudharauliwa, na hesabu yake ni nzuri. Ukipunguza ukuta kutoka mita 2 hadi mita 1, nguvu ya upepo ya kuupindua inashuka hadi robo, huku uzito unaoushikilia ukishuka hadi nusu tu. Usalama wake umeongezeka mara mbili bila kununua mfuko wa saruji, isipokuwa wa kufunga kofia.

*Kazi:* kutoa matofali kutoka juu, kozi kwa kozi. Mtu makini anaweza kuifanya mwenyewe kama ukuta si mrefu na bado haujapita theluthi.

*Gharama na muda:* nafuu kuliko zote, siku moja au mbili.

*Kasoro:* faragha na ulinzi vinapungua. Wengi hurudisha kimo kwa kufunga mbao au mabati juu ya kipande kilichobaki, na hapo wamerudisha upepo wote huku uzito ukiwa umekwenda. Ukitaka kimo, nguzo za uzio ziwe na msingi wake ardhini, zisining'inie kwenye ukuta, na uzio uwe wa waya au mbao zenye nafasi ili upepo upite. Ua wa mimea ni mzuri pia, lakini unadai miaka, na ukiupanda ubavuni mwa ukuta unaanza upya hadithi ya mizizi.

*Inamfaa:* anayehitaji usalama haraka, na yeyote ambaye hajaamua atafanya nini na bustani.

Kama ukuta unazuia udongo

Hapa mshukiwa wa kwanza ni maji. Udongo mkavu unasukuma, lakini maji yaliyojaa nyuma ya ukuta yanasukuma zaidi: kimo cha mita 1 cha maji kinasukuma kwa nguvu ya kama kilo 500 kwa kila mita ya urefu, na kikifika mita 2 ni kilo 2,000. Kimo kimeongezeka mara mbili, msukumo mara nne. Ndiyo maana kuta hizi huanguka usiku wa mvua kubwa baada ya kusimama miaka.

Tafuta matundu ya kutolea maji karibu na chini. Kama hayapo, au yamezibwa na udongo na mizizi, au yaliwahi kupigwa lipu juu yake ili ukuta upendeze, umempata mhalifu. Ukuta uliosogea kidogo tu unaweza kuokolewa kwa kupunguza udongo wa nyuma, kuweka kokoto na kitambaa cha kuchujia, na kufungua matundu kila baada ya mita 1 hadi 2. Maji ya paa na ya bomba la bustani yaelekezwe kwingine.

Njia zile tano zinabadilika. Nguzo zinasaidia tu baada ya maji kupata njia. Kushusha kimo kunawezekana ukishusha na udongo wa nyuma, kwa mfano kwa kutengeneza ngazi mbili fupi badala ya ukuta mmoja mrefu. Kuongeza msingi chini ya ukuta unaosukumwa ni hatari sana. Kujenga upya kuna mshindani mzuri, vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, ambavyo maji hupita katikati yake vyenyewe, ingawa vinakula nafasi. Ukuta wa namna hii ukizidi mita 1 hivi, au ukiwa na gari au nyumba juu yake, mlipe mhandisi kwanza.

Uchague kwa hali yako

Mwinamo ni mdogo, donge la jasi halijapasuka, matofali ni mazima: nguzo zinatosha, au hata kofia mpya na kuendelea kupima kila majira.

Tumbo liko sehemu moja na pengine pote timazi inakubali: bomoa kipande, na usikubali kijengwe kabla hujauona msingi kwa macho yako. Shimo la kuuangalia lichimbwe dogo, upande ambao ukuta haulalii, lisiendelee kwa urefu wa ukuta.

Umelalia kwa jirani na hamuelewani: njia yenye ugomvi mdogo ni kushusha kimo ukiwa upande wako, kwa sababu haihitaji hata sentimita moja ya ardhi yake. Matofali yashukie kwako, na mpe taarifa ya maandishi hata hivyo.

Pesa zote zimeishia kwenye nyumba: shusha sasa, jenga ukipata. Ukuta wa mita 1 ulio salama unaweza kusubiri miaka miwili; wa mita 2 uliopita theluthi haujui kusubiri.

Mti ni mkubwa na unaupenda: usikate mizizi kwanza halafu ndipo uulize. Mti uliokatwa mizizi minene upande mmoja unaweza kuanguka. Na kwenye udongo wa mfinyanzi, kuuondoa mti mzima huacha udongo ukilowa na kuvimba kwa muda mrefu, kwa hiyo msingi mpya usimwagwe haraka.

Mvua ziko karibu na bado hujaamua: kama ukuta haujapita theluthi, toa kozi za juu kwa mkono, tofali mojamoja, ukisimama upande ambao ukuta haulalii, kofia ngumu ya ujenzi kichwani na glavu mkononi. Usiuvute kwa kamba, usiusukume, na usiuegemeze mti uliookota uani. Mwega usio na kigingi ardhini huteleza udongo ukilowa. Matofali yapange mbali, yasiegemezwe kwenye ukuta huohuo, kisha funika kichwa cha kilichobaki kwa nailoni hadi fundi arudi.